Usibonyeze Delete! Soma kwanza njia ya faili, la sivyo unafuta barua zote za ofisi

Mkuu, toa mkono kwenye hicho kitufe. Funga Thunderbird, hiyo programu yenu ya barua pepe, usifungue chochote kingine, halafu soma hapa.

Umesema upo Kigoma mjini, ofisi ya uwakala wa forodha. Asubuhi antivairasi ilipiga kelele juu ya manifesti (orodha ya mizigo) ya Excel iliyotumwa na mwenzenu wa Bujumbura, na tangu hapo Inbox ni tupu. Fundi wa Mwanga amekwambia uingie karantini, pale antivairasi inapofungia mafaili inayoyashuku, ukifute "hicho kirusi" na barua zitarudi zenyewe. Unauliza kama ni kirusi kweli au antivairasi imesingizia.

Barua hazitarudi zenyewe. Kilichoko karantini kina uwezekano mkubwa wa kuwa Inbox yenu yenyewe, nzima nzima. Ushauri huohuo nilipewa na mimi, nikaufuata, na hati zote za mizigo za ofisi zikaondoka kwa mbofyo mmoja. Aliyenishauri alipokea pesa yake ya ufundi akaenda. Inaniuma kuona maneno yaleyale bado yanazunguka mjini.

Elewa Thunderbird inavyotunza barua. Kila folda unayoiona kushoto ni faili moja refu kwenye diski. Barua ya kwanza mpaka ya leo zimeungwa mkia kwa kichwa ndani ya faili hilo, na viambatisho vyake vimo humohumo vikiwa vimegeuzwa kuwa herufi. Faili la Inbox linaitwa "Inbox" tu, halina kiendelezi (ile nukta na herufi za mwisho, kama .pdf). Pembeni yake kuna kijifaili Inbox.msf, hicho ni faharasa na hakina barua. Antivairasi ikikuta ndani ya Inbox kipande kinachofanana na kirusi, mara nyingi haiwezi kunyofoa barua moja na kuziacha nyingine. Inabeba faili zima inalitia karantini. Dumu moja la mawese limevuja, basi shehena yote ya bandarini inafungiwa ghalani. Na sasa fundi anakwambia shehena hiyo itoswe ziwani.

Ukifungua Thunderbird baada ya hapo, inatafuta Inbox haiioni, inaunda nyingine mpya isiyo na kitu. Ndiyo maana unaona utupu. Barua zako bado zipo, zimefungiwa tu, mpaka wewe mwenyewe uzifute au karantini ijisafishe. Na hili la kujisafisha ulitazame leo hii: antivairasi nyingi zina mpangilio wa kufuta vilivyoko karantini baada ya siku kadhaa. Ingia kwenye mipangilio, uuzime au uziongeze siku.

Sasa fungua karantini na usome, bila kubonyeza kitu kingine. Usisome jina la kirusi kwanza, soma njia ya faili. Ukiona kitu kama hiki:

C:\Users\Ofisi\AppData\Roaming\Thunderbird\Profiles\...\Mail\...\Inbox

basi kilichokamatwa ni ghala. Kama mnatumia Defender, antivairasi inayokuja na Windows, fungua maelezo ya tukio. Itakuonyesha mstari unaoanza na "containerfile:" wenye njia ya Inbox, na mwingine unaoanza na "file:" wenye njia ileile, kisha mshale -> na sehemu ya ndani iliyoshukiwa. Kilicho kushoto kwa mshale ni ghala, kilicho kulia ni mzigo ulioshukiwa. Lakini kama njia inaishia Downloads au Temp (folda ya mafaili ya muda), na mwisho wake ni jina la kiambatisho, hapo kilichokamatwa ni kiambatisho peke yake na Inbox haijaguswa. Hicho kikifutwa hakuna msiba, utaomba utumiwe tena.

Wanaotumia Outlook wasijione salama. Faili la .pst ni mtindo huohuo: folda zote, kalenda na majina, vyote kwenye faili moja.

Kurudisha kunataka mpangilio, kwa hiyo usiruke hatua. Chomoa intaneti na hakikisha Thunderbird imefungwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles kisha Enter. Nakili folda yote ya Profiles kwenye diski ya nje, hata kama Inbox iliyomo ni tupu, kwa sababu Sent na folda nyingine zina barua zake. Rudi kwenye kompyuta, ingia kwenye folda ya Mail na folda ya akaunti yenu, tafuta ile Inbox mpya. Ibadilishe jina iwe "Zilizoingia", bila kiendelezi, na ufute Inbox.msf. Ukiacha kubadilisha jina, Inbox ya zamani ikirudi inaweza kukwama au kuikanyaga hiyo mpya, na barua zilizoingia tangu asubuhi zikapotea.

Kisha iambie antivairasi isiguse folda ya Profiles ya Thunderbird. Hiyo tu! Si diski C, si Downloads, si Temp. Usipofanya hivyo, faili likirudi litakamatwa tena dakika hiyohiyo. Sasa bonyeza Restore. Tazama ukubwa wa Inbox iliyorudi: ikiwa ni mamia ya megabaiti au zaidi, pumua. Fungua Thunderbird intaneti ikiwa bado imechomolewa, na uiache itengeneze faharasa upya. Ile "Zilizoingia" itatokea kushoto kama folda ya kawaida. Hamisha barua zake zirudi Inbox.

Itafute ile barua yenye manifesti. Usifungue kiambatisho. Ifute, safisha na Trash, halafu bonyeza folda ya Inbox kwa kitufe cha kulia uchague Compact, na Trash vilevile. Hapa ndipo wengi wanapoanguka kwa mara ya pili. Thunderbird ukifuta barua, haiiondoi kwenye faili. Inaiwekea alama tu kwamba imefutwa, na herufi zake zote zinabaki palepale mpaka Compact ipite. Antivairasi haijui alama hiyo, inasoma faili zima, kesho inakuta kilekile na kupiga kelele upya. Mtu anasema "kirusi kinarudi kila siku", analipia kompyuta ipigwe Windows mpya, kumbe palihitajika mbofyo mmoja.

Kama umeshabonyeza Delete kabla ya kusoma hapa, zima kompyuta sasa. Kila dakika inayowaka inaweza kuandika juu ya mahali faili lilipokuwa. Diski ya kuzunguka ina matumaini: itolewe, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, na kinachopatikana kihifadhiwe kwenye diski tofauti. SSD (diski isiyozunguka) matumaini ni madogo, kwa sababu Windows huijulisha nafasi iliyoachwa na yenyewe huisafisha. Wakati huo ingia kwenye barua zenu kwa kivinjari, kupitia simu. Kama akaunti ni IMAP, njia inayotunza barua kwenye seva, barua zote zipo kwenye seva, utakachopoteza ni bando la kuzishusha upya. Kama ni POP, njia inayozishusha kwenye kompyuta, kwa mpangilio wa kawaida Thunderbird huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 tu. Zilizopo zihamishie folda nyingine kwenye seva leo, kabla siku hazijafika. Ukitaka Thunderbird izishushe tena, iwe imefungwa, futa faili la popstate.dat kwenye folda ya akaunti. Ndilo daftari lake la barua ilizokwisha kuchukua.

Yasitokee tena: kwenye mipangilio ya Thunderbird, sehemu ya Privacy & Security, kuna kisanduku kinachoruhusu antivairasi kukamata barua moja moja zinazoingia. Kitie alama. Barua mpya itaandikwa kwanza kwenye faili la muda, antivairasi iikague ikiwa peke yake, na ikipita ndipo iungwe kwenye Inbox. Na ule msamaha wa folda ya Profiles uache ubaki. Kuna jamaa kwenye mjadala huu anapiga kelele kwamba msamaha huo ni kufungulia virusi mlango. Si kweli. Kiambatisho kilicholala ndani ya Inbox ni herufi tu, hakiwezi kujiendesha. Siku utakapokifungua au kukihifadhi, lazima kiandikwe Temp au Downloads, na huko antivairasi iko macho. Ndiyo maana nimesema folda hizo usizisamehe kamwe. Na wale wanaokwambia uzime antivairasi yote "maana inasumbua", mkuu, wapuuze. Ofisi ya mizigo haifai kukaa wazi hata saa moja.

Maana sasa ndio tunafika kwenye swali lako, na sitaki uondoke hapa ukiamini kwamba antivairasi imekosea. Wanaotuma virusi wanapenda sana biashara yenu. Barua zenye ankara, hati za kupakia mizigo na orodha za vifurushi ndizo chambo chao cha kila siku, na wezi wa nywila kama Agent Tesla na Formbook husambazwa hivyohivyo. Washa kwanza kuonyesha viendelezi vya mafaili, kwa sababu Windows huvificha. "Manifesti.pdf" inaweza kuwa Manifesti.pdf.exe. Hati ya mizigo inayokuja kama .exe, .js, .vbs, .iso au .img usiijadili, futa.

Jina la kirusi linasaidia kiasi. Likiwa la familia inayojulikana, kama hayo mawili, chukulia ni kweli. Likiwa na "Heur", "Gen" au mwisho wake "!ml", maana yake antivairasi haijakitambua kirusi chochote mahususi, imeshuku mwenendo au umbo. Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) hushukiwa hivyo mara nyingi, kwa sababu makro ya kujaza manifesti na makro ya kushusha kirusi zinaanza kwa kufanana. Lakini kushukiwa hakumaanishi kusingiziwa.

Mpigie mwenzako wa Bujumbura kwa namba uliyo nayo siku zote, si iliyoandikwa kwenye hiyo barua. Muulize kama ametuma, saa ngapi, na faili linaitwaje. Akisema hajatuma, mazungumzo yameisha. Akisema ametuma, mwambie alihifadhi kama .xlsx isiyobeba makro, au PDF, alitume upya. Asilifunge kwenye zip yenye nywila ili "lipite". Zip ya namna hiyo antivairasi haioni ndani, na ndiyo njia wanayoitumia wahalifu wenyewe.

Mkilazimika kulichunguza lile lenye makro, aliyelitengeneza akokotoe heshi ya SHA256, yaani alama ya kidole ya faili, kwenye kompyuta yake. Afungue dirisha la amri na kuandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Zitatoka tarakimu na herufi 64. Zitafute kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa injini za antivairasi nyingi. Usipakie faili lenyewe: kinachopakiwa pale hugawiwa kampuni nyingi za usalama, na manifesti ina majina na bei za wateja wenu. Injini moja au mbili kati ya makumi zikilalamika kwa majina ya kushuku tu, inaelekea limesingiziwa. Zikilalamika kumi na zaidi, achana nalo. Na heshi isipopatikana, usilione ni safi. Faili lililotengenezwa leo asubuhi hakuna aliyewahi kulipima.

Likithibitika ni safi, lipeleke kwa watengenezaji wa antivairasi yenu kupitia fomu yao ya kuripoti makosa, wakati huu likiwa na data za mfano badala ya za wateja. Makosa haya huwapata hata wakubwa. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho namba 5958 la McAfee liliishuku svchost.exe, faili la Windows XP lenyewe, na kompyuta za maofisi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Septemba 2012 Sophos ilikamata mpaka programu yake yenyewe ya kujisasisha. Palipoumia zaidi ni pale antivairasi ilipowekwa ifute yenyewe bila kuuliza. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio yenu sasa hivi, sehemu ya hatua ya kuchukua ikikuta kirusi, na ukikuta imeandikwa Delete, badilisha iwe Quarantine.

Ukimaliza kusoma njia ya faili, iandike hapa kama ilivyo, toa tu jina la mtumiaji. Useme na akaunti ni POP au IMAP, na diski ni ya kuzunguka au SSD. Usimruhusu fundi aguse mpaka ile nakala ya Profiles iwe kwenye diski ya nje na umeifungua kwa macho yako.