Kibanda cha nyota: anza na nguzo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Nzuguni, Dodoma. Kaka yangu ameniletea darubini ya milimita 150 yenye stendi ya ikweta, ile inayofuata mwendo wa nyota. Nimechoka kuitoa nje na kuirudisha ndani kila usiku, nataka kibanda cha kudumu uani. Fundi anasema kuba la bati litakula pesa nyingi. Halafu kijitabu cha stendi kinataka mhimili wake wa kuzungukia uelekezwe kwenye nyota ya kaskazini, nami siioni kabisa. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuba achana nalo. Jenga chumba cha mita 2 na nusu kila upande, kuta zikufike kifuani, juu uweke paa jepesi la bati linaloteleza kwenye reli kwa magurudumu ya geti. Fundi yeyote wa mageti anaiweza. Paa liende upande wa kaskazini, maana uhondo wetu uko kusini: Msalaba wa Kusini na Mawingu ya Magellan, yale makundi mawili makubwa ya nyota yanayoonekana kama vipande vya ukungu. Likishafungwa, libane kwa komeo nne. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unaujua.

Lakini kabla ya tofali la kwanza, nguzo ya kusimamishia darubini. Ya kwangu niliimwaga pamoja na sakafu, zege moja. Usiku wa kwanza nikaielekeza darubini kwenye sayari ya Zohari, pete zimetulia, nzuri ajabu. Mke wangu akapiga hatua mbili aje achungulie, pete zikacheza kama mwali wa koroboi. Siku mbili nzima nilikata sakafu kwa tindo. Wewe chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 80, mwaga zege lenye nondo, na nguzo ipite katikati ya sakafu bila kuigusa. Acha mwanya wa vidole viwili pande zote.

Stendi yako haina kosa. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota ile ya kaskazini kwetu haichomozi. Mhimili wako uelekee kusini, ukiwa umeinuka nyuzi 6 tu. Taabu ni kwamba stendi nyingi hazikubali kushuka kiasi hicho. Mwambie fundi akuchomelee kabari ya chuma juu ya nguzo, iinamie kusini kwa nyuzi 14. Stendi ukiiweka kwenye 20, zinabaki 6. Bamba la kabari likiwa na urefu wa sentimita 20, ncha yake ya kaskazini inainuliwa karibu sentimita 5.

Kusini halisi usikutafute kwa dira, nondo zitaipotosha. Katikati ya Juni, au mwanzoni mwa Septemba, jua hufika kati ya anga la Dodoma saa 6 na dakika 37 mchana. Ning'iniza timazi kwenye kamba ya mita 2. Dakika hiyo kivuli cha kamba kinalala sawasawa kaskazini–kusini. Mwezi Juni kinazidi kidogo mita 1. Gonga misumari miwili juu ya kivuli, vuta uzi, na mstari huo uuchore mpaka nje ya eneo la shimo, usije ukafukiwa na zege kabla kabari haijakaa.