Mfarishi wa binti wa baiolojia: mwandikie jina kwa DNA

Dada wa Ngamiani, umeuliza kama kanga zinafaa kumshonea mfarishi (tandiko la vipande vya vitambaa) Mariam, binti wa kaka yako anayekwenda kusomea baiolojia, na uweke mapambo gani. Zinafaa, ila zifue kwanza, moja moja, mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu mpya ikichujia kitambaa cheupe haina dawa.

Michoro ya chupa za maabara achana nayo, kila mtu anaiweka. Mwandikie jina lake kwa DNA, ile kemikali ya mwilini inayobeba urithi. DNA ina herufi nne, A, T, G na C. Kila tatu hutaja asidi amino moja, yaani kiungo cha protini, nayo ina alama yake ya herufi moja: ATG ni M, GCT ni A. Mariam linaandikika lote: ATG GCT CGT ATT GCT ATG. (Juma lingekukwamisha kwenye J.) Kila herufi ipe kanga yake, vipande 18 kwa mstari. Chini yake shona mstari wa pili, kwani DNA ina nyuzi mbili: A ikabiliane na T, G na C. Tena ATG, inayoanza jina lake, ndiyo alama ya kuanza kuunda protini. Wenzake darasani watacheka.

Katikati weka silikanti, yule samaki wa kale. Alidhaniwa katoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na Tanga tuna hifadhi yake baharini. Umkate kwenye kitambaa cha buluu, madoa yake meupe yatarizi kwa mkono.

Ndani usijaze sufi, ukifua hufanya mabonge. Blanketi jepesi la pamba latosha kwa joto letu, na mgongoni kitambaa cha marekani.