Anza na maji, dada: nywele za asili na mshubiri juu ya mawe ya Goma

Dada, umeuliza mambo mawili: kwa nini nywele zinakatika kila ukichana ilhali umeacha defriza, ile dawa ya kunyoosha nywele, miezi minne sasa, na kama mshubiri, ile aloe vera, unaweza kuota kwenye parseli, yaani kiwanja, cha mawe matupu. Nakujibu yote kwa pamoja kwa sababu na mimi yalinijia pamoja. Parseli tunayopanga hapa Goma iko juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo Januari 2002. Ukichimba kwa jembe, jembe linalia.

Tafuta kichwani unywele uliokatika, uupime. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Kama kipande kilichobaki kichwani ni sentimita nne hivi, basi unywele umekatikia pale mpya unapokutana na ule uliopikwa na dawa. Hapo ndipo penye udhaifu, na hakuna krimu ya kupaunganisha. Mimi niliogopa mkasi miezi tisa nzima, nikawa nasuka juu ya nywele za namna mbili, fundi anavuta kwa nguvu zishikane, mpaka pembeni mwa paji la uso pakaanza kuwa wazi. Pamejaa tena, lakini ilichukua zaidi ya mwaka. Ukate, dada. Kama huwezi kukata zote siku moja, punguza vidole viwili kila mwezi, na ukisuka mwambie fundi asivute. Msuko ukikuuma usiku, ufumue usiku huohuo.

Sasa maji, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na mabomba yakakauka sehemu kubwa ya mji, tulikuwa tunashuka ziwani na bidoni, yale madumu ya plastiki, kila alfajiri. Nikawa naosha kichwa kwa maji ya Ziwa Kivu moja kwa moja, na nywele zikikauka zinakuwa kama majani ya muhindi yaliyoachwa shambani. Nikadhani ni uchafu. Siku moja mvua ikanyesha, mama mdogo akatega beseni chini ya bati, akaniambia nijaribu yale. Nilifanya hivi: vikombe viwili, kimoja maji ya ziwa, kingine ya mvua, nikakwangua sabuni ileile ya kipande kwenye vyote, nikakoroga. Cha mvua kilitoa povu mpaka likamwagika. Cha ziwa povu lilikuwa kidogo, likafa, yakabaki mabonge meupe yanaelea kama maziwa yaliyokatika. Yale mabonge ndiyo yaliyokuwa yanabaki kichwani mwangu.

Maji ya Kivu ni magumu, yana magneziamu nyingi, na pH yake, kile kipimo cha tindikali ambacho namba ikiwa chini tindikali ni nyingi, kwenye uso wa ziwa inakaribia 9. Nywele zenyewe zinapenda ya chini, kati ya 4.5 na 5.5. Ikipanda, magamba madogo ya unywele yanafunguka, unyevu unatoka, na nywele zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Na usidhani bomba litakuokoa, kwa kuwa maji ya bomba la hapa nayo yanavutwa ziwani.

Kwa hiyo tega mvua. Ikianza, acha dakika kumi na tano zioshe bati kwanza, vumbi na majivu yapite, ndipo uweke beseni. Lita sita zinanitosha kuosha na kusuuza. Lakini hayo ni ya kichwa tu, tafadhali usiwanyweshe watoto. Mvua ya upande huu hushuka na moshi wa volkano, inaweza kuwa na floraidi inayoharibu meno yao. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua ikikosekana, naosha kwa maji ya kawaida, kisha nasuuza na siki, kijiko kimoja cha supu kwa lita moja. Kichwa kinanukia kachumbari kwa nusu saa, halafu harufu inakwisha.

Kuosha mara moja kila wiki moja au mbili kunatosha. Gawa kichwa mafungu manne, chana zikiwa zimelowa, anzia nchani ukipanda juu, kamwe usianzie mzizini. Mafuta yapake nywele zikiwa bado na maji, kwa sababu mafuta hayalowanishi chochote, kazi yake ni kuzuia maji yasikimbie. Mimi natumia yale meusi ya kokwa za mchikichi wanayouza mama zetu sokoni. Yana harufu ya moshi, ndiyo, lakini kwangu hakuna krimu ya dukani iliyoyafikia.

Mshubiri ndio rahisi kuliko yote. Mawe unayoyalalamikia ndiyo unayoyataka, maana mshubiri hufa kwa kuzidiwa maji kuliko kwa kiu. Kata bidoni ya mafuta ya lita tano, toboa chini, changanya nusu udongo na nusu kokoto za volkano, panda, weka chini ya bati pasipomwagikia mvua. Kiangazi mwagilia mara moja kwa wiki. Ukihitaji, kata jani la nje kabisa, lisimamishe ndani ya kikombe dakika ishirini. Utaona maji ya njano yanachuruzika. Yamwage, yanawasha ngozi ya kichwa. Osha jani, menya, kwangua ule ute, paka kabla ya mafuta. Jaribu kwanza ndani ya mkono. Bila friji usiuweke mpaka kesho, jani linatunzwa vizuri zaidi likiwa bado kwenye shina.

Ukishapata nafasi ya bidoni moja, gunia la kupandia mboga nalo litapata nafasi. Nilinunua udongo kwa mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikachanganya mafungu mawili ya udongo na moja la samadi iliyooza. Gunia la kilo 50. Katikati unasimamisha kopo kubwa lisilo na kitako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, unalivuta juu, unajaza tena, hivyo hivyo mpaka juu. Ule mkondo wa mawe ndio unaopeleka maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, shibiri moja kati yao, chomeka miche ya lenga-lenga, yaani mchicha. Baada ya wiki tatu au nne unachuma kwa sahani ya jioni, na linachipua tena. Maji ya kwanza ninayolowanishia kichwa, kabla sabuni haijaingia, yanaishia humo. Ya sabuni hapana, hayo ni majani tunayokula. Siku moshi wa volkano ukishuka na koo likiwasha, funika gunia kwa turubai kabla ya mvua, la sivyo majani yatapata madoa ya kahawia kama yameunguzwa.

Mshubiri wangu umezaa watoto wanne, nimewahamishia kwenye makopo. Mmoja ni wako. Niandikie faraghani uniambie uko upande gani wa mji, na uje na kopo lenye matundu.