"Kula" ni kitenzi au ni nomino?

SWALI: Ninajifunza Kiitaliano. Mwalimu anasema mangiare ni kitenzi, yaani kula, lakini nimesoma il mangiare, neno likitanguliwa na il, kijineno kinachotangulia nomino za kiume, kama nomino nyinginezo. Lipi sahihi? Na "kula" letu je?

JIBU: Yote mawili ni sahihi, na kwetu ni vivyo hivyo. Umbo la Kiitaliano limetoka Kilatini, na ku- yetu tunaichangia na ndugu zetu Wabantu. Wazulu husema ukudla kwa maana ya kula na ya chakula pia. Lililo zito zaidi ni upatanisho, yaani maneno mengine kufuata ngeli au jinsia ya nomino. Mwitaliano akilitumia tendo kama nomino, hulipa jinsia ya kiume, akasema il suo mangiare, yaani kula kwake, wala humsikii akisema la sua mangiare, kwa jinsia ya kike. Sisi tuna ngeli nzima ya KU kwa kazi hiyo, na bado kila uchao nasoma katika barua za ofisi na hata magazetini: "kuchelewa yake imetuathiri", "kusoma yangu imekwama". Inaniuma, kwa sababu ngeli hii ndiyo nyepesi kuliko zote: haina wingi wa kukariri, na kiambishi chake kinaonekana waziwazi mwanzoni mwa neno.

Chukua sentensi hii: "Kula kwake nyama kila siku kulimletea jongo." Hapa "kula" ni nomino, ndiyo maana limefuatwa na "kwake" na limetawala "kulimletea". Papo hapo ni kitenzi, kwani lina yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, nyama, na linakanushika: "kutokula kwake nyama". Jaribu kukanusha "chakula" hivyo uone kama utafika. Sasa andika "kula yake nyama kila siku ilimletea jongo". Nyama ni ya ngeli ya I-ZI, kwa hiyo msomaji hana njia ya kujua kama kilichomletea maradhi ni nyama ile au ni mazoea ya kuila. "Kulimletea" lilikuwa limeshamaliza shaka hiyo.

Katika mazungumzo ya mtaani Nairobi, ambako ngeli zimepunguzwa sana, sigombani na mtu. Katika maandishi rasmi sikubali.

Tahadhari moja, ndugu msomaji: Kiitaliano hulitumia umbo hilo hilo kumkataza mtu mmoja, non mangiare. Usilitafsiri kwa "kutokula"; sema "usile".