Fungua sura ya historia kabla hujalipa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mzazi Mkristo anayefundisha watoto wake nyumbani achague mtaala gani, na atajuaje kwamba kweli umesimama juu ya Biblia? Mimi nafundisha watoto wangu nyumbani hapa Malindi, na najua wengi watakaowajibu wataanza na bei. Mimi siwezi kuanza na bei.

Hapa kwetu, tangu Aprili 2023, ukisema kwamba watoto wako hawaendi shule kwa sababu ya imani, watu wananyamaza kwanza. Shakahola iko katika kaunti yetu ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, baada ya waumini kuhimizwa kufunga chakula hadi kufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Paul Mackenzie, aliyefikishwa mahakamani kwa sababu ya vifo hivyo, alikuwa na kanisa lake papa hapa mjini, na miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akihubiri kwamba masomo ya shule si ya Mungu. Kwa hiyo jirani anapouliza watoto wangu wanasoma nini, simhesabu kuwa mpinga imani. Anauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi, na mapema zaidi.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza hakihusu aya. Je, mtaala huu unaweza kufunguliwa mbele ya mtu yeyote? Akija mwalimu mkuu wa shule ya jirani, au chifu, au mavyaa wangu ambaye hajawahi kuupenda mpango huu, achukue daftari la mtoto aone amefika wapi kwenye hesabu na kusoma. Mtaala usio na mtihani wowote wa nje, unaomnong'oneza mzazi kwamba dunia haina haki ya kuuliza, mimi siutaki hata ukiwa na mstari wa Zaburi juu ya kila ukurasa.

Sheria nayo isirukwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Kufundishia nyumbani hakukutajwa waziwazi, na Mahakama Kuu imeshatupilia mbali ombi la wazazi waliotaka njia hiyo itambuliwe. Familia nyingi zinaendelea, nyingine zikijiunga na kituo kilichosajiliwa, lakini anayewaambia kwamba jambo hili halina utata anawadanganya. Zungumza na wakili, na umtafute mwalimu mkuu atakayekubali kumwandikisha mtoto kwa mitihani ya taifa ya KNEC, kabla ya kununua kitabu hata kimoja. Kama unalenga mitihani ya Cambridge, ile ya Uingereza, tafuta kwanza kituo kinachopokea watahiniwa binafsi. Kwa sisi wa Malindi hiyo ni safari, basi itie kwenye hesabu.

Sasa mitaala yenyewe. Inayotajwa zaidi katika mazungumzo ya wazazi ni ya Kimarekani. ACE (Accelerated Christian Education) ilianzia Texas mwaka 1970. Mtoto hufanya vijitabu 12 kwa mwaka katika kila somo, anajisahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu, halafu anafanya jaribio. Asipofika asilimia 80 anarudia. Uzuri wake ni kwamba mzazi ambaye hakusomea ualimu anaweza kuanza kesho, na kuna jaribio la mwanzo linaloonyesha mapengo ya mtoto yako wapi. Ubaya ni kwamba mtoto anaweza kujaza nafasi zilizoachwa wazi kutwa nzima bila kulazimika kufikiri wala kubishana na mtu. Abeka, ya Pensacola, Florida, ni hodari kwa kufundisha kusoma kwa sauti za herufi na kwa hesabu za kukariri. BJU Press, ya South Carolina, huuliza maswali zaidi ya kufikirisha. Sonlight husomesha kwa vitabu vya hadithi, vizuri kweli, ila ni shehena, na shehena hulipiwa usafiri na ushuru. Halafu kuna njia ya Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923: masomo mafupi, mtoto anasikiliza kisha anasimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, na muda mwingi nje akitazama ndege na mimea. Njia hiyo ndiyo naipenda kuliko zote. Orodha za vitabu vyake zinapatikana bure kwenye intaneti, lakini vingi ni vitabu vya Uingereza wa enzi ya himaya, na himaya imo ndani ya kurasa.

Hapo ndipo penye jibu langu. Wauzaji wote wanasema wana "mtazamo wa Kibiblia". Ukifungua vitabu utakuta aya, naam, lakini utakuta pia senti za Kimarekani, inchi, theluji ya Desemba, na taifa moja linalosimuliwa kama kwamba Mungu alianza nalo. Senti na theluji si kitu. Mtoto wa Malindi anaweza kujifunza kwamba kuna majira manne huko, na huku tuna kaskazi na kusi. Tatizo ni pale mtazamo wa nchi fulani unapopakiwa ndani ya Biblia kama mchele uliochanganywa na chenga, na mtoto akala vyote akidhani ni kitu kimoja. Mfano ulio wazi: katuni za ACE ziliwachora wanafunzi Wazungu katika shule yao na weusi katika shule yao, na watoto wadogo duniani kote wakazijaza hizo kurasa. Hakuna aya inayoagiza hivyo. Hiyo ni Marekani ya kusini.

Kwa hiyo nikipewa sampuli ya mtaala, sifungui somo la Biblia. Karibu wote wanalifanya vizuri. Nafungua historia, pale panapoelezwa utumwa na ukoloni, na pale Afrika inapotajwa, kama inatajwa.

Fikirini tunapoishi. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo ya Wareno yenye msalaba bado imesimama juu ya mwamba, watalii wanapiga picha. Karibu na hapo kuna kanisa dogo la Wareno, na mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita mjini mwaka 1542 akielekea India. Kitabu cha ng'ambo kitamwambia mtoto kwamba da Gama alifungua njia ya bahari, basi. Mtoto wa hapa anastahili kuulizwa swali gumu zaidi: msalaba uliokuja katika merikebu moja na mizinga tuutazame vipi? Na karne ya kumi na tisa je, mashamba ya nafaka yaliyoizunguka Malindi yalilimwa na nani? Watumwa. Wamiliki walikuwa watu wa pwani hii hii, chini ya Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kituo cha misheni cha Rabai mwaka 1846. Baadaye watumwa waliotoroka walikimbilia huko. Upande wa bara kulikuwa na Fuladoyo, kijiji cha watoro kilichoongozwa na Mgiriama Mkristo, David Koi, ambaye aliuawa kwa ajili hiyo. Frere Town, makazi ya wamisionari kwa watumwa walioachiwa huru, ikaanzishwa mwaka 1875. Halafu 1913 na 1914 Mekatilili wa Menza akawasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza, ambao nao walikuwa na kasisi na Biblia.

Mtoto akiyajua haya yote pamoja ataona kitu ambacho vitabu vingi vya "mtazamo wa Kibiblia" humkosesha: dhambi haina kabila, na neema nayo haina. Biblia yenyewe haiwafichi watu wake. Daudi ameandikwa pamoja na Bathsheba na Uria. Sasa kitabu kinachojiita cha Kibiblia kikaficha makosa ya taifa lililokichapa, kimeifuata Biblia kwa njia gani?

Sayansi inagawanya zaidi, nami nitasema ninachoamini na wengine waniandikie. ACE, Abeka na BJU Press hufundisha kwamba dunia ina umri wa maelfu ya miaka tu na kwamba gharika ya Nuhu ndiyo iliyoweka matabaka ya miamba. Wapo Wakristo wanaoishika Biblia kwa nguvu hiyo hiyo na wanakubali umri mrefu. Mimi sitaki mtoto wangu afike Marafa, asimame kwenye ukingo wa korongo la Nyari, aone yale matabaka mekundu, meupe na ya waridi, halafu awe amefundishwa tu jinsi ya kuwacheka wanajiolojia. Ajue wanasema nini na kwa nini wanasema hivyo; mageuko ya viumbe yamo katika mitihani, na akiyasikia mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani imani yake haitakuwa imesaidiwa. Toleo la zamani la kitabu cha ACE lilimtaja dubwana wa ziwa la Loch Ness huko Scotland kama hoja dhidi ya mageuko. Ukimfundisha mtoto hivyo, siku atakapogundua kwamba dubwana ni hadithi ya watalii, atajiuliza na hayo mengine uliyomwambia.

Na sayansi ya Kikristo ipo karibu kuliko Florida. Watumishi wa A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la uhifadhi, wako Watamu, na kazi yao inagusa msitu wa Arabuko-Sokoke: ndege, panya-tembo wa kiuno cha dhahabu, kuni za wanavijiji. Soma Zaburi ya 104 asubuhi, kisha peleka watoto msituni, au kwenye mdomo wa mto Sabaki waone udongo wa bara unavyoigeuza bahari rangi ya matofali wakati wa mvua, na waulize udongo ule umetoka shamba la nani. Ngomeni nako, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini pale! Watoto wangu wanajua hilo, na nina hakika wengi wa rika lao huko Nairobi hawalijui.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa na wanaochagua kutoka Nairobi au Eldoret. Sisi tunaishi na Waislamu, ukuta kwa ukuta. Binti yangu anacheza na watoto wa jirani, na mwezi wa Ramadhani sahani za futari zinavuka ua wetu. Kabla ya kununua kitabu cha historia tafuta ukurasa unaouzungumzia Uislamu, ukausome kwa sauti ukijiuliza: ningeweza kuusoma hivi jirani akiwa amekaa hapa barazani? Simaanishi kitabu kifiche tofauti zetu. Mimi ni Mkristo na jirani yangu anajua. Lakini kuna vitabu vinavyomchora mtu ambaye sijawahi kukutana naye hapa Malindi, na amri ya kutomshuhudia jirani yako uongo haina msamaha kwa wachapishaji.

Kiswahili? Mitaala hii haina. Chukua miongozo ya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, inapakuliwa bure, na vitabu vya kiada vinavyouzwa mjini. Ongeza Biblia ya Union Version, ambayo kwa sarufi yake peke yake inafaa kuwa kitabu cha shule. Na usiogope tenzi. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, upande wa Pate huko Lamu. Dini yake si yangu, lakini mama aliyefundisha nyumbani kwa beti alikuwa anajua kazi.

Nisiwaache hewani: sinunui sanduku zima la mtu mmoja. Hesabu na kusoma nachukua popote penye mpangilio mzuri, hata ACE au Abeka, kwa maana kugawanya kwa tarakimu mbili hakubadiliki ukivuka bahari. Biblia tunaisoma yenyewe, kitabu kwa kitabu, watoto wakisimulia. Historia, jiografia na sayansi ya viumbe tunaziunda hapa, kwa miongozo ya KICD mkononi, ili siku mtoto akirudi darasani asipotee. Inachosha, sitasema uongo. Jumapili usiku badala ya kulala napanga wiki.

Mwenye mtoto wa miaka mitano asinunue mtaala wowote mwaka huu. Amsomee, amwimbishe, ampeleke ufukweni na sokoni, amfundishe kuhesabu maembe. Na wazazi ambao wote wawili wanatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, wakiwaza kumwachia dada wa kazi vijitabu ili mtoto alelewe Kibiblia, kwao jibu langu ni fupi: mpelekeni shule iliyo karibu. Somo la dini ya Kikristo (CRE) lipo huko, na Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka, saa ambazo bado mnazo.

Msomaji wenu, Malindi