Baraka alizikwa na dini gani?

Wakuu, mleta mada kauliza kwa nini kwenye tamthilia zetu za Bongo watu hawana dini, wakati mtaani kila mmoja ana msikiti wake au kanisa lake. Akamalizia kwamba waandishi ni waoga. Nimefanya kazi ya skripti hapa Dar miaka kadhaa, mara mwandishi, mara mtu wa mwendelezo, yule anayehakikisha dada aliyetoka mlangoni na khanga nyekundu haingii sebuleni na ya kijani. Woga upo, sikatai. Ila hauko pale mnapoutafuta.

Kwanza, dini imejaa tele. Enzi za DVD mambo yalikuwa yale yale: mganga, jini, ndoa inayoyumba, halafu dakika za mwisho mchungaji anaingia na Biblia, jini linatoka, watu wanalia, kwisha. Nabii tapeli naye ruksa, mradi kanisa lake liwe la kubuni na utapeli wake uonekane tangu sini ya kwanza. Kinachogomba ni mtu wa dini wa kawaida mwenye kosa la kawaida. Padri mwenye madeni. Ustadhi aliyechokana na mkewe. Binti aliyeacha kusali si kwa sababu ya shetani wala mwanamume, bali imani imemtoka tu. Hapo ndipo simu zinaanza kuita.

Na wanaopiga mara nyingi si Bodi ya Filamu. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 129 kuhusu maneno ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini. Lakini skripti nilizoziona zikifa, zilikufa mapema zaidi, mikononi mwa watu wa kawaida kabisa. Mwenye nyumba ya kupigia picha anasema hapa kwangu msilete msalaba. Kanisa moja lilikubali tutumie jengo, katibu akaomba asome kwanza sini tatu, akazirudisha zimebaki moja na nusu. Kuna kaka mmoja, mwigizaji mzuri sana, Mkristo, alipangiwa kusilimu ili aoe. Tumekaa tayari, taa zimewaka, akatuambia shahada, lile tamko la kuingia Uislamu, haitamki. Tukamwambia ni maigizo. Akajibu, "Maneno yale hayana mazoezi." Mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa anashughulikia taa akamuunga mkono, tena kwa nguvu kuliko yeye mwenyewe. Sini ikageuzwa: anaingia msikitini, mlango unafungwa, anatoka na kofia.

Ndiyo maana wapenzi wa dini mbili kwenye tamthilia zetu wanaishia bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu, na mwandishi anapumua.

Kuna waliosema humu kwamba ni ushamba wetu. Hapana. Hollywood yenyewe ilikuwa na kanuni zilizoandikwa 1930 na kusimamiwa kikwelikweli kuanzia 1934: dini isidhihakiwe, na viongozi wa dini wasifanywe vichekesho wala watu wabaya wa hadithi. Sisi tofauti yetu ni kwamba mengi hayajaandikwa popote, unayajua kwa kugonga ukuta. Mwaka 2022 video ya "Mtasubiri" ya Diamond na Zuchu, wimbo wa mapenzi tu, ilizuiwa kwenye televisheni na TCRA, wale wa mawasiliano, baada ya BASATA, baraza la sanaa, kulalamikia kipande cha kanisani. Baada ya hapo kila prodyuza niliyefanya naye kazi akiona neno "kwaya" kwenye skripti anauliza, "Hii ni lazima?"

Na tusisahau Oktoba 2012, Mbagala, hapa hapa Dar. Mabishano ya watoto wawili kuhusu Kurani yaliishia kwa makanisa kushambuliwa. Mtu aliyekuwa anapita Kilwa Road siku zile hawezi kumcheka prodyuza anayeuliza swali hilo.

Sasa, njia yetu kuu ya kukwepa ni majina. Ukimwita mhusika Joseph au Juma, umeshamwingiza kwenye upande. Kwa hiyo angalieni tamthilia zenu: Baraka, Zawadi, Bahati, Riziki, Furaha. Serikali yenyewe haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967, nasi tukafuata mkondo. Unaweza kwenda hivyo muda mrefu sana. Watu wanakula, wanaoana, wanagombea viwanja, hakuna anayesali.

Mpaka mtu afe.

Sisi Baraka wetu alikufa katikati ya msimu, kwa sababu mwigizaji alipata kazi nyingine. Dairekta akataka msiba mkubwa, na hapo tukakwama. Turubai halina shida, viti vya plastiki havina dini, akina mama wenye khanga wamo kote kote. Lakini maiti anatoka ndani kwa jeneza au kwa sanda na jeneza la msikiti? Anazikwa leo leo au tunasubiri ndugu kutoka mkoani? Nani anasimama kaburini, na anasema nini? Mtu wa mavazi alishaleta suti nyeusi. Mtu wa vifaa alishakodi msalaba wa mbao, maskini, akaambiwa aurudishe. Mama mzazi wa marehemu kwenye hadithi alikuwa amejifunga ushungi tangu sehemu za mwanzo kwa sababu mwigizaji mwenyewe anapenda hivyo, na hakuna aliyewahi kukataza. Baba yake tulishampa bilauri ya bia kwenye sini ya harusi.

Tulibishana kuanzia saa nne asubuhi hadi chakula cha mchana kikapoa. Mwisho tukapiga picha za turubai, za vilio, za sufuria za wali jikoni (si pilau, dairekta alikataa pilau), halafu moja kwa moja kikao cha familia siku ya arobaini. Na arobaini yenyewe tuliichagua kwa sababu kote wanaifanya. Kaburi halikuonekana. Kwa kazi yangu ya mwendelezo, ile ndiyo aibu kubwa niliyowahi kuisaini.

Mama yangu hakosi tamthilia hata siku moja. Jioni ile akanipigia: "Mwanangu, huyo kijana mmemzika wapi?" Sikuwa na jibu. Yeye keshaamua ni Mwislamu, kwa ajili ya ule ushungi. Jirani yake mama Neema anasema haiwezekani, na ile bia je? Mpaka leo hawajaelewana.