Bili huanza na zeituni

Swali la wiki lilikuwa: “Ukiingia mgahawa mdogo wa mtaani Ureno au Uhispania, uagize vipi ushibe vizuri na bili isikutoe jasho?”

Mhariri, sehemu kubwa ya bili hiyo huamuliwa kabla hujafungua menyu. Tuanze Lisbon, kwenye tasca: chumba kimoja, meza chache zilizotandikwa karatasi, runinga ukutani, na vyakula vya siku vimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani. Unavuta kiti tu, mara mhudumu anaweka kikapu cha mkate, kisahani cha zeituni, siagi za pakiti, vikopo vya samaki aliyepondwa, pengine na jibini. Hujaomba chochote. Hiyo inaitwa couvert, na wageni wengi huidhania takrima ya nyumba. Sivyo. Kila kitu pale kina bei, ambayo kwa kawaida imeandikwa juu kabisa ya menyu. Mkate na zeituni ni pesa ndogo. Jibini ndilo linalopandisha hesabu.

Sheria iko upande wa mteja. Amri ya serikali ya Ureno ya mwaka 2015 inasema chakula au kinywaji chochote, couvert ikiwemo, hakitozwi ikiwa mteja hakukiagiza wala hakukiharibu. Kwa hiyo usichokitaka kirudishe palepale: “não, obrigado”, na kama ni mwanamke, “obrigada”. Hakuna atakayenuna. Kukiacha mezani huku unakitazama ni kujitafutia ubishi baadaye, na ukishafungua siagi moja, hiyo umeinunua.

Jambo la pili ni ukubwa wa sahani. Menyu nyingi zina safu mbili za bei, dose na meia dose. Meia dose ni nusu kwa jina tu. Mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida hushiba. Dose ni ya watu wawili, hasa vyakula vya wali na vya chungu. Mgeni akiona bei ya nusu haiko mbali sana na bei ya nzima, hujipigia hesabu kwamba nzima ndiyo nafuu, kisha anaacha nusu ya chakula. Mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa, tafuta prato do dia, chakula cha siku. Ndicho kilichopikwa asubuhi ile, na ndicho wanachokula mafundi na makarani wa mtaa ule.

Samaki mbichi aliyelazwa kwenye barafu huuzwa kwa kilo, na hapa ndipo watu hulizwa. Kibao kikisema euro 40 kwa kilo na samaki akawa na gramu 700, umeshafika euro 28 kabla ya kinywaji. Mwombe mhudumu ampime mbele yako, akutajie bei, ndipo aende jikoni. Dagaa wakubwa wa kuchoma, sardinhas, ni wa kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati wamenona. Huchomwa wazima kwa chumvi ya mawe na huliwa juu ya kipande cha mkate kinachofyonza mafuta. Mkate huo ndio tamu ya mwisho. Ukiwaona Februari, jua wametoka kwenye friza: nyama hulegea na ngozi hubaki kwenye wavu.

Bacalhau ni jamaa wa ng'onda wetu, samaki wa bahari za kaskazini, kutoka Norway na Iceland, aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Uzuri wake hutegemea kuloweka. Vipande vinene vinahitaji kama saa 48 ndani ya maji baridi, kwenye friji, ngozi ikiwa juu ili chumvi ishuke chini, na maji yabadilishwe mara kadhaa kwa siku. Mpishi mwenye haraka hukupa samaki mwenye chumvi ya kukausha ulimi. Aliyemchemsha kwa moto mkali hukupa nyuzi. Aliyepikwa vizuri huachana kwa mapande laini yanayoteleza. Kwa anayeonja mara ya kwanza, namshauri bacalhau à Brás: samaki wa kuchambuliwa, vitunguu, viazi vilivyokatwa kama njiti na kukaangwa, kisha mayai mwishoni, moto ukiwa mdogo. Inapaswa kuja ikiwa na majimaji. Wapo wanaoirudisha jikoni wakidhani mayai hayajaiva. Ikirudi imekauka, wameshaiharibu wenyewe.

Supu ya caldo verde haitamshangaza mtu wa Nairobi: ni viazi vilivyopondwa na majani yaliyo ndugu wa sukuma wiki, yaliyokatwa membamba kama uzi na kutiwa dakika chache kabla ya kupakua. Lakini juu yake huelea kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe, na hapo wasomaji Waislamu wasikilize vizuri. Nguruwe hujificha kwenye maharage, kwenye dengu, juu ya wali wa bata, na kwenye mafuta ya kupikia. Alheira, soseji ambayo kwa masimulizi ilibuniwa na Wayahudi ili kumkwepa nguruwe, siku hizi mara nyingi inaye. Sema “sem porco, sem chouriço, sem banha”, yaani bila nguruwe, bila soseji, bila mafuta ya nguruwe. Uhispania kusema “sin carne”, bila nyama, hakutoshi, maana jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, wengine hawaihesabu kuwa nyama. Itaje kwa jina. Kuku wa mkaa mwenye piri-piri (neno hilo ni pilipili yetu, kama sisi tulivyochukua “meza” na “mvinyo” kwao) huonekana salama, ila uliza kama amelowekwa kwenye mvinyo au bia. Na ukiona chamuça kwenye kabati la kioo, ndiyo sambusa, iliyofika huko kupitia Goa ya India na Msumbiji.

Ya Uhispania ni mafupi. Mchana wa siku za kazi ulizia menú del día: sahani ya kwanza, ya pili, kitindamlo au kahawa, mkate na kinywaji, vyote kwa bei moja. Mtindo huo ulianza miaka ya 1960 kwa amri ya serikali, ukiitwa menyu ya watalii, lakini leo ni chakula cha wenyeji. Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu. Katikati jiko hulala. Granada kila kinywaji huja na tapa, kitafunwa kidogo, ya bure, Barcelona utailipia. Meza za nje huwa na bei ya juu kuliko kusimama kaunta. Paella ya kweli, wali wa kikaango kipana, hupikwa ukishaagiza, kwa kawaida kuanzia watu wawili. Wali peke yake unahitaji karibu dakika 20, hivyo ikikufikia baada ya dakika tano, ilipikwa zamani.

Turudi Ureno: bili hailetwi mpaka uiombe, “a conta, se faz favor”. Anza kusoma mstari wa couvert. Ukikuta jibini uliyoirudisha, onyesha kwa kidole. Wakibisha, omba livro de reclamações, kitabu cha malalamiko ambacho kila mgahawa Ureno unalazimika kuwa nacho. Mara nyingi jibini hufutwa kabla kitabu hakijafika mezani.